Mashine ya Posho na Umeme wa Taifa

Usiku wa tarehe 25 Agosti, 2023, nilikuwa nyumbani likizoni wakati sehemu kubwa ya Kenya ilipoingia gizani. Kesho yake nilitumwa kusaga mahindi. Mashine za stima zilikuwa zimelala, basi watu wote walijaa kwenye ile ya dizeli. Katika foleni mzee mmoja aliniambia, "Kijana, makosa ni ya upepo wa Turkana. Upepo si kitu cha kutegemewa." Nilinyamaza, kwa maana sikuwa na jibu. Kumbe jibu lilikuwa likinguruma mbele yetu.

Mtu akimimina debe zima kwa mara moja, injini huguna na mwendo hupungua. Lakini haizimiki papo hapo. Kando yake liko gurudumu zito la chuma ambalo, likiisha kushika mwendo, halikubali kusimama upesi. Katika nafasi hiyo ndogo mafuta huongezwa, na mwendo hurudi.

Gridi ya taifa ni vivyo hivyo. Nyaya hazina ghala. Umeme unaozalishwa sharti ulingane na unaotumiwa, sekunde kwa sekunde. Mashine za maji za mto Tana na za mvuke wa Olkaria hufuata pigo moja, mara 50 kwa sekunde, na uzito wao ndio gurudumu letu. Mzigo ukizidi, malango ya maji hufunguliwa zaidi.

Mitambo 365 ya upepo (ambayo kwa kweli iko Marsabit, mashariki ya ziwa) haiongezi uzito huo hivi hivi tu, kwa kuwa hupitia vyombo vya elektroniki. Paneli za jua za Garissa hazina hata kinachozunguka. Usiku ule zilipotea ghafula megawati kama 270 za upepo, karibu asilimia 15 ya umeme wote. Waliohusika walibishana ni nini kilichotangulia, nami si hakimu. Lakini pengo kubwa namna hiyo lingeitikisa gridi hata kama lingeachwa na mtambo wa mafuta. Tena mzee alisahau kwamba maji na mvuke navyo haviishi kama mafuta.

Australia Kusini walipata giza la jimbo zima Septemba 2016. Hawakung'oa mitambo yao ya upepo. Mwaka 2017 walijenga huko Hornsdale betri ya megawati 100, inayojibu kabla sekunde moja haijaisha.

Likizo ijayo nitamtafuta mzee yule, nimwonyeshe lile gurudumu.