Maonyesho ya samani: Nyumba ya Ben Lomond, Manassas

Samani huonyeshwa kwa namna mbili kuu: kupangwa kwa safu, viti huku, vitanda kule, au kupambiwa chumba kamili ili mtazamaji ajione akiishi humo. Namna ya pili huuza sana. Kampuni ya IKEA iliianzia Älmhult, Sweden, mwaka 1953, wateja walipotaka kuona na kugusa bidhaa zilizochapishwa katika katalogi yake.

Majumba ya makumbusho nayo hupenda chumba kamili. Tatizo ni kwamba mara nyingi huwa ni chumba cha tajiri, kana kwamba nyumbani humo hapakuishi mtu mwingine.

Mjini Manassas, jimboni Virginia, kusini-magharibi mwa Washington, nyumba ya Ben Lomond, iliyojengwa mwaka 1832 katika shamba lililolimwa na watumwa, imekataa mtindo huo. Vyumba vyake vimepangwa kama hospitali, jinsi vilivyokuwa baada ya mapigano ya tarehe 21 Julai 1861. Mgeni hukutana na sauti, hata harufu, za wodi ya majeruhi. Nje, jengo la mawe walimolala watumwa lingalipo.