Hamira, Sukari na Mimea ya Tangi la Samaki

Mgema wa Kwale akiteremsha tembo, povu limeshaanza kupanda kitomani. Povu hilo ni kaboni dioksidi: chachu imekula sukari ya utomvu wa mnazi, ikatoa pombe na gesi. Anayefuga samaki Diani au Msambweni, akataka mimea ya tangini inawiri, anaweza kuipata gesi hiyo hiyo kwa chupa ya soda ya lita 2, sukari na hamira ya mahamri. Hana haja ya kuagiza mtungi.

Mmea uliozama una njaa ya kaboni, kwa kuwa gesi husambaa majini polepole kuliko hewani, mara 10,000 hivi. Ndiyo maana taa kali pekee huishia kulisha mwani.

Changamoto ni joto letu. Vipimo vingi vinavyosambazwa vilitungwa kwa nyumba za Ulaya zenye nyuzi 20. Kwa nyuzi 30 hamira hukimbia: chupa inafoka siku mbili tatu za mwanzo, kisha inazimika kabla mimea haijafaidi. Kwa hiyo punguza hamira, si sukari. Mimi hushauri robo kijiko cha chai cha hamira kavu, robo kilo ya sukari na lita moja na nusu ya maji, chupa iwekwe sakafuni penye kivuli. Wapo wanaotia nusu kilo wakitumaini gesi itadumu maradufu. Haidumu. Hamira ya mkate hulemewa pombe ikipita asilimia 10 au 12, na robo kilo katika maji hayo inatosha kuifikisha karibu na hapo. Sukari inayozidi inabaki sharubati tu. Robo kilo ikichacha yote hutoa takribani lita 70 za gesi, si haba. Afadhali uwe na chupa mbili na uzianzishe kwa kupishana, moja ikichoka nyingine imepamba moto.

Bomba zuri ni mpira wa dripu kutoka duka la dawa. Toboa kizibo tundu jembamba kidogo kuliko mpira, kata ncha ya mpira mshazari, ipenyeze, kisha ivute kwa koleo mpaka ibane yenyewe. Gundi ni ya kuhakikisha tu. Upitishe kwanza kwenye chupa ndogo ya maji, inayonasa povu na kukuonyesha mapovu yanavyotoka, ndipo uingie tangini kwenye mdomo wa pampu ya chujio, ili mapovu yasagwe na kuyeyuka. Weka vali ya kuzuia maji yasirudi. Na usiibane chupa ili “kuhifadhi” gesi usiku: itapasuka.

Usiku ndipo kwenye hatari. Giza likiingia mimea huacha kula kaboni, yenyewe huanza kuitoa, na hamira haina swichi. Stima ikipotea pampu ya hewa nayo imenyamaza, na maji ya nyuzi 30 tayari yana oksijeni pungufu kuliko ya nyuzi 20. Jioni chomoa mpira tangini, uuache utoe gesi nje. Ukikuta samaki wamepanda juu wakihema, usisubiri kupima chochote: ondoa mpira, chota maji na uyamwage kutoka juu ili yavuruge uso, kisha badilisha sehemu ya maji.

Nataja kupima kwa sababu visima vingi vya ukanda huu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na maji yake ni magumu kwa chokaa. pH ya maji ya namna hiyo hubaki juu hata gesi ikiwa nyingi, kwa hiyo anayetazama kipimo cha pH peke yake anaweza kuongeza gesi mpaka samaki wadhurike. Shabaha ni miligramu 30 za gesi kwa lita, si zaidi. Watazame samaki kwanza.

Na si kila tangi linahitaji haya. Anubias ya Afrika Magharibi hukua taratibu bila gesi ya ziada. Ukifuga Nothobranchius palmqvisti, samaki wa madimbwi ya msimu ya pwani hii na ya Tanga, ambaye mayai yake husubiri mvua ndani ya tope kavu, mtilie mimea michache inayostahimili kivuli na uiache hamira jikoni. Chupa hii ni ya mwenye mimea mingi, taa nzuri na nafasi ya kulichungulia tangi asubuhi na jioni.