Neno Moja la Isaya na Mvutano wa Karne Nyingi

Katika madarasa yetu ya Elimu ya Dini ya Kikristo, wanafunzi wamezoea kukariri tabiri za Masihi mithili ya jedwali la kuzidisha: Nathani, Isaya, Yeremia, Mika. Anayefika kwenye Isaya 7:14 huandika bila kusita kwamba nabii alibashiri kuzaliwa kwa Yesu na bikira, naye hupata alama zake. Lakini iko siku atakutana na mtu atakayemwambia kwamba katika Kiebrania neno hilo "bikira" halimo. Hapo wapo wanaohamaki, na wapo wanaoitupa imani yote jalalani. Wote hao wamekosa kufundishwa jambo ambalo ni la lugha kabla ya kuwa la dini.

Neno alilotumia Isaya ni alma. Maana yake ni mwanamke kijana aliyekwisha kubaleghe. Neno la kiume linalolingana nalo, elem, lina nasaba moja na ghulam la Kiarabu, ambalo Kiswahili kimelipokea kama ghulamu. Asikiaye ghulamu huelewa kwamba anatajiwa umri, wala haulizi iwapo kijana huyo amewahi kumjua mwanamke. Mwali wetu naye yu karibu sana na alma: jamii hutarajia mwali awe bikira, ila matarajio ya jamii si maana ya neno. Kiebrania kina neno jingine, betula, linalokaribia zaidi bikira, ingawa hilo nalo si kufuli lisilofunguka, maana katika Yoeli 1:8 betula anamwombolezea mume wa ujana wake.

Bikira huyu basi alitoka wapi? Si kwa Wakristo, kama wengine wanavyodai kwa haraka. Wayahudi waliokuwa wakisema Kiyunani ndio walioutafsiri Unabii wa Isaya kabla ya Kristo, katika tafsiri iitwayo Septuaginta, na mahali pa alma wakaweka parthenos. Kwa kawaida parthenos ni bikira. Hata hivyo, tafsiri iyo hiyo, katika Mwanzo 34:3, inamwita Dina parthenos baada ya Shekemu kumnajisi! Mathayo alipoandika Injili yake kwa Kiyunani alilikuta neno hilo tayari, akalichukua kwa maana yake kamili.

Mvutano ulifuata upesi. Katika karne ya pili Justino, mtetezi wa Ukristo, aliandika mjadala wake na Myahudi aitwaye Trifo, naye Trifo akashikilia kwamba nabii alimtaja mwanamke kijana na kwamba mtoto yule ni Hezekia. Karne hiyo hiyo Akila alitafsiri upya kwa Kiyunani, akaacha parthenos na kuandika neanis, yaani msichana. Mwaka 1952, Biblia mpya ya Kiingereza ilipoandika "mwanamke kijana", mchungaji mmoja huko North Carolina, Marekani, aliuteketeza ukurasa ule kwa moto. Laiti angelijua kwamba gombo la Isaya lililopatikana Qumrani mwaka 1947, ambalo ni la kale kuliko Ukristo, nalo lina alma!

Tuyarudie mazingira ya maneno yenyewe. Karibu mwaka 734 KK, mfalme Ahazi wa Yuda alikuwa akitetemeka mbele ya wafalme wawili, Resini wa Shamu na Peka wa Israeli. Isaya alimpa ishara: kabla mtoto huyo hajajua kupambanua mema na mabaya, nchi za wafalme hao zitakuwa ukiwa. Dameski ilianguka mikononi mwa Waashuri mwaka 732 KK. Ishara iliyokusudiwa kumtuliza Ahazi isingeweza kungoja miaka mia saba.

Je, Mathayo alidanganya? La hasha. Tazama Mathayo 2:15, anapolinukuu neno la Hosea 11:1 kuhusu mwana aliyeitwa kutoka Misri. Hosea hakuwa akitabiri lolote hapo. Alikuwa akikumbuka Waisraeli walivyotoka utumwani. Mathayo aliyajua hayo barabara. Kitenzi chake cha "kutimiza" katika Kiyunani ni kile kile cha kujaza chombo. Aliyachukua maneno ya kale yenye maana yake ya kwanza, akaona yamejazwa tena katika maisha ya Yesu. Huko ni kufasiri, wala si kutafsiri, na Kiswahili kina bahati ya kuyatenga maneno hayo mawili.

Kwa maoni yangu, kosa letu walimu ni kumfundisha mwanafunzi fasiri ya Mathayo kana kwamba ndiyo sarufi ya Isaya. Muumini ana haki kamili ya kusoma pamoja na Mathayo, na Myahudi ana haki ya kukoma kwa Ahazi. Mwanafunzi asomewe Isaya 7:1-17 yote, bila kukatiwa aya moja, kisha Mathayo 1. Halafu Hosea 11 na Mathayo 2. Dakika 40 za kipindi kimoja zinatosha, na maswali atauliza mwenyewe.