Je, Wajua? Hukumu Hukazwa, Hukumu Hunyooshwa

Sogea, ndugu yangu, baraza la Mgogoni hapa Pemba halijai! Umeshinda kesi, hukumu unayo mkononi, na mdaiwa hataki kulipa. Waenda kuomba nini mahakamani? Kukazia hukumu! Sasa sikia: Mjerumani kwa jambo hilo hilo asema "vollstrecken", na ukilichambua wapata "voll", kamili, na "strecken", kunyoosha. Sisi twaikaza kama kamba ya ngalawa, yeye ainyoosha mpaka mwisho!

Na Mwingereza je? Asema "execution", na neno hilo hilo ndilo analotumia mtu akinyongwa! Mfasiri akisinzia kidogo tu, mwenye deni la duka ajikuta kitanzini. Kijerumani kumuua aliyehukumiwa kina neno lake mbali: "Hinrichtung".

Je, wajua kuwa "enforcement" ya Kiingereza, ukiivusha Ujerumani, yapasuka vipande vitatu? Hukumu ya deni ni "Vollstreckung". Sheria kusimamiwa hadi watu waifuate ni "Durchsetzung". Kifungo kutumikiwa gerezani ni "Vollzug". Ukikosea kipande, umemfunga mtu wa deni!

Huu hapa mtego ninaoupenda kuliko yote. "Title" ya Kiingereza kisheria ni umilikaji, kama wa shamba lako la mikarafuu. "Titel" ya Kijerumani katika mambo ya kukazia hukumu ni ile karatasi inayokupa nguvu ya kumwandama mdaiwa, na hukumu yenyewe ni mojawapo. Maneno ndugu kwa sura, lakini moja lakwambia shamba ni lako, jingine lakwambia nenda ukadai!

Hesabu nami kwa vidole. "Zwangsvollstreckung", kukazia hukumu kwa nguvu: herufi 19! "Gerichtsvollzieher", mtu wa mahakama anayekwenda kukamata mali: herufi 18! Sisi mwenzake twamwita dalali wa mahakama, na mambo yamekwisha.

Kenya wana sheria ya mwenye nyumba kukamata vitu vya mpangaji asiyelipa kodi. Kiingereza chake ni "distress", neno ambalo mtaani ni dhiki na majonzi! Mjerumani akikamata vitu vya mdaiwa asema "Pfändung", kutokana na "Pfand", yaani rehani. Hapo mfasiri wa Kiswahili apumua, rehani twaijua.

Haya, sogea zaidi. Wajua mdaiwa wa Kijerumani hubandikiwa ndege? Mali ikikamatwa hubandikwa lakiri, na zamani lakiri hiyo ilikuwa na picha ya tai wa serikali. Watu wakamdhihaki tai wakamwita "Kuckuck", ndege yule atagaye katika viota vya wenzake. Tai kaondoka, jina limebaki hadi leo, na ukilitamka upesi, wallahi, wasikia kuku!

Kwa nini basi Pemba tulipata sheria za Kiingereza, si za Kidachi, hali Tanga iko kiasi cha kilomita 50 tu ng'ambo? Tarehe 1 Julai 1890 Mjerumani na Mwingereza walitia saini mkataba, na Pemba imetajwa humo kwa jina. Unguja na Pemba zikawa chini ya ulinzi wa Mwingereza, na mkataba huo huo ukampa Mjerumani Heligoland, kisiwa kisichofika hata kilomita 2 za mraba! Pemba yetu inapita 900.

Na Berlin walikuwa wakisoma Kiswahili tangu enzi hizo. Chuo cha lugha za mashariki kilifunguliwa mwaka 1887, na Amur bin Nasur wa Unguja akafundisha hapo, kisha Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Mwaka 1903 mwalimu mwenzao, Carl Velten, akatoa *Desturi za Wasuaheli* kwa Kiswahili, na mwaka huo huo kwa Kijerumani!

Na mahakamani leo je? Tanzania Bara, Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Kazi ya mfasiri ndiyo kwanza yaanza!

La mwisho, usiondoke. Dalali hachukui kila kitu! Sheria ya Bara inamwachia mdaiwa nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, na fundi hanyang'anywi zana zake. Ujerumani, kabla sheria haijabadilishwa mwaka 2022, ilitaja wazi chakula cha wiki 4, pete ya ndoa, na ng'ombe mmoja wa maziwa. Humtaki ng'ombe? Waliruhusu uchague badala yake mbuzi wawili au kondoo wawili. Niambie wewe wa Mgogoni, ungebaki na yupi?