Anayelinda Mpaka Naye Huulizwa

Mto Rusizi, utokao Ziwa Kivu na kuelekea Ziwa Tanganyika, ndio unaoitenga wilaya ya Rusizi, ambayo wengi bado huiita Cyangugu, na mji wa Bukavu katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kusini zaidi, katika bonde la Bugarama, upo mpaka wa Burundi. Mwananchi afikaye kwenye vivuko hivyo hakutani na waziri wala mbunge. Hukutana na askari au ofisa uhamiaji. Neno la ofisa huyo, liwe ni "pita" au "rudi", ndilo serikali yenyewe machoni pa mwananchi. Mama mchuuzi avukaye na kapu la nyanya, akizuiliwa bila sababu mpaka jioni, hupoteza mtaji wake wote.

Mamlaka makubwa kiasi hicho yametoka wapi? Hayakutoka kwenye sare wala kwenye bunduki. Yametoka kwenye sheria. Nchini Rwanda, sheria ya uhamiaji ni ile namba 57 ya tarehe 13 Agosti 2018, na sheria hutungwa na Bunge, lenye Wabunge 80 na Maseneta 26. Katiba imelipa Bunge kazi mbili: kutunga sheria, na kusimamia utendaji wa Serikali. Aliyeyatoa mamlaka kwa niaba ya wananchi ana haki ya kuuliza jinsi yalivyotumika.

Njia za kuuliza ni nyingi. Wabunge huuliza maswali ya mdomo na ya maandishi. Kamati huwaita wakuu wa idara watoe maelezo, na tume za uchunguzi huweza kuundwa. Bajeti haipiti bila idhini ya Bunge, na tangu 2011 ipo Kamati ya Hesabu za Serikali, inayopitia taarifa za Mkaguzi Mkuu. Mwananchi aliyeonewa anaweza pia kulalamika kwa Umuvunyi, ofisi iliyoanzishwa mwaka 2003, ambayo taarifa yake ya kila mwaka hufikishwa Bungeni.

Ifahamike, hata hivyo, kwamba kusimamia si kuamrisha. Mbunge hawezi kusimama darajani na kuamuru fulani apite na fulani azuiwe. Amri hubaki mikononi mwa wakuu wa kikosi na wa idara. Mbunge humwuliza waziri, waziri humwuliza mkuu wa idara, naye mkuu hufungua daftari la kituo. Ikiwa daftari halionyeshi nani alizuiwa, saa ngapi, kwa sababu gani na kwa amri ya nani, basi Bunge litajibiwa kwa maneno matupu. Kwa hiyo usimamizi wa Bunge huanzia kwenye kalamu ya askari wa zamu.

Wapo wadhanio kwamba maswali ya namna hiyo hudhoofisha ulinzi. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Mashambulizi ya mwaka 2018 huko Nyaruguru na Nyamagabe, ng'ambo ya pili ya msitu wa Nyungwe, yaliua raia. Lakini mambo ya siri yaweza kusikilizwa na kamati faraghani, na sababu ya usalama ni sababu halali ikitajwa na kuthibitishwa. Kisichokubalika ni kutotoa sababu kabisa.

Jambo hilo limekwisha amuliwa na Mahakama ya Afrika Mashariki. Tarehe 13 Aprili 2011, wakili Samuel Mukira Mohochi, raia wa Kenya, alizuiwa kuingia Uganda katika uwanja wa ndege wa Entebbe na kurudishwa kwao bila kuelezwa sababu. Mwezi Mei 2013, Mahakama iliamua kwamba Uganda ilikuwa imevunja Mkataba wa Jumuiya na Itifaki ya Soko la Pamoja, na kwamba mamlaka ya nchi juu ya mipaka yake si kisingizio cha kukiuka ahadi ilizoziweka yenyewe. Rwanda ni mwanachama tangu 2007, na Kongo tangu 2022.

Cyangugu inalo fundisho lake chungu zaidi. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, watu waliokusanywa katika uwanja wa Kamarampaka walikuwa karibu na mto, na ng'ambo yake palikuwa na usalama, lakini walizuiwa kuvuka. Bunge la mpito lililokubaliwa katika mapatano ya Arusha ya Agosti 1993 lilikuwa halijaanza kazi ilipofika Aprili. Hakuna awezaye kudai kwamba maswali ya wabunge peke yake yangeyazuia mauaji yale. Lakini maswali yasiyoulizwa kwa wakati huja kuulizwa na hakimu, baada ya watu kufa. Luteni Samuel Imanishimwe, aliyekuwa kamanda wa kambi ya Karambo huko Cyangugu, alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa mjini Arusha mwaka 2004 kifungo cha miaka 27. Rufani ya mwaka 2006 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza adhabu kuwa miaka 12. Yaliyobaki yalikuwa mauaji, kuwafunga watu kinyume cha sheria, na mateso.

Askari na maofisa hawana budi kulitazama Bunge kwa macho hayo. Kuulizwa mapema ni kinga kwa mwananchi, na ni kinga kwa askari pia. Akisingiziwa, daftari lake litamtetea. Akipewa amri isiyo halali, atajua kwamba siku moja swali litaulizwa, na jina litakaloandikwa mbele ya amri hiyo ni lake. Mpaka unaolindwa kwa sheria hulindwa pia na imani ya wale wanaouvuka kila siku, na imani hiyo humsaidia askari kumtambua adui.