Tanuru la chokaa: joto linaloua



Chokaa tunaijua. Iko kwenye kuta za nyumba, iko pia katika viwanda vya kusafishia shaba. Leo sikieni habari yake kutoka Ayalandi, kisiwa cha Ulaya, ambako katika karne ya 18 na ya 19 matanuru ya chokaa yalikuwa mengi sana vijijini.

Tanuru lilijengwa kwa mawe ubavuni mwa kilima. Kwa juu walitia tabaka la mawe ya chokaa, kisha makaa ya mawe au udongo mkavu wa kinamasi, ambao kule huwaka kama kuni, tena mawe, mpaka lijae. Liliwaka siku kadhaa, mchana na usiku. Chokaa ilitolewa kwenye tundu la chini, ikaenda mashambani kuondoa uchachu wa udongo, nyingine ikapaka nyumba.

Kati ya mwaka 1937 na 1939 watoto wa shule kule walitumwa kuwauliza wazee habari za zamani na kuziandika. Matanuru yamo, na kisa kinachosimuliwa ni hiki: maskini asiye na makao, usiku wa baridi, analala ukingoni mwa tanuru apate joto. Asubuhi wanamkuta amekufa, hana kidonda.

Si mzimu uliomuua. Jiwe la chokaa likifika digrii 900 hivi hutoa gazi. Kilo 100 za jiwe safi huacha kilo 56 tu za chokaa. Kilo 44 zimekwenda hewani kama gazi kaboniki. Gazi hiyo ikipoa ni nzito kuliko hewa, hujilaza chini, pale alipolala mtu. Pamoja nayo hutoka monoksidi ya kaboni, gazi ya moto usiopata hewa ya kutosha. Haina rangi wala harufu. Kichwa kinauma, usingizi unakuja, basi.

Gazi hii ya pili ndiyo ya mbabula. Mwezi wa sita, baridi ikikaza, wako wanaoingiza mbabula ya makala chumbani na kufunga dirisha. Mama, mbabula ilale nje!

Wazee wa Ayalandi waliogopa mvua pia: chokaa mpya ikilowa njiani huchemka, hata kuwasha mkokoteni. Jichoni hufanya vivyo hivyo. Ikikuingia, osha mara moja kwa maji safi mengi, kope wazi, dakika 20 au zaidi, kisha hospitali. Vumbi kavu kwenye ngozi pangusa kwanza, ndipo maji.