Home Depot: Mauzo Yamepanda, Lakini kwa Kununuliwa

Mauzo ya Home Depot, kampuni ya Marekani inayouza vifaa vya ujenzi na ukarabati wa nyumba, yalipanda kutoka dola bilioni 152.7 katika mwaka wa hesabu 2023 hadi bilioni 159.5 mwaka 2024. Mwenye hisa chache anayesoma tarakimu hizo peke yake atafurahi bure. Bilioni 6.4 zililetwa na SRS, kampuni iliyonunuliwa katikati ya mwaka, na wiki moja ya ziada katika kalenda ya hesabu ikaongeza kama 2.5 nyingine. Maduka yaliyokuwapo tangu awali yaliuza pungufu kwa asilimia 1.8, baada ya kushuka asilimia 3.2 mwaka uliotangulia.

Kampuni hiyo haikukua hivyo zamani. Bernie Marcus na Arthur Blank, waliofukuzwa kazi Handy Dan mwaka 1978, walifungua maduka mawili ya kwanza mjini Atlanta mwaka 1979. Mtaji ulikuwa mdogo kiasi kwamba maboksi matupu na makopo ya rangi yasiyo na kitu yalipangwa juu ya rafu ili duka lionekane limejaa. Mbinu ilikuwa duka kubwa kama ghala, bei ya chini, na wahudumu wanaoweza kumweleza mwenye nyumba jinsi ya kufunga bomba mwenyewe. Hisa ziliuzwa kwa umma mwaka 1981, na kwa zaidi ya miaka 20 kukua kulimaanisha hasa kufungua maduka mapya.

Njia hiyo ilifika mwisho. Maduka yalikuwa 2,234 mwishoni mwa mwaka wa hesabu 2007, na 2,335 tu mwishoni mwa 2023. Hata hivyo mauzo yalikaribia kuongezeka maradufu kutoka bilioni 77.3, duka lile lile lilifanyishwa kazi zaidi, ingawa kupanda kwa bei nako kulisaidia.

Nchini China, ilikonunua maduka 12 mwaka 2006, kampuni ilishindwa na kufunga maduka makubwa 7 ya mwisho mwaka 2012. Huko mwenye nyumba humwita fundi, jambo ambalo muuza hadiweya wa Kariakoo angelitambua siku ya kwanza.

Mteja anayewaniwa sasa ni fundi huyo huyo, yaani mkandarasi. SRS, iliyogharimu dola bilioni 18.25, huwauzia wakandarasi vifaa vya paa, mabwawa ya kuogelea na bustani, huwapelekea mpaka kwenye eneo la kazi, na huwapa mali kauli. Sehemu kubwa ya gharama hiyo ilikopwa, na Machi 2024 kampuni ilisimamisha ununuzi wa hisa zake yenyewe, uliokuwa ukiipa bei nguvu. Wakati huohuo riba za juu ziliwafanya Wamarekani wengi wasiuze nyumba, na nyumba isiyouzwa haipakwi rangi mpya haraka.

Kwa hiyo hesabu za robo mwaka zikitoka, mstari wa kutazama kwanza ni mauzo ya maduka ya zamani, kisha deni, ndipo jumla.